Pimamaji Ndani ya Jicho

Echodu, fundi wa mawe wa Moding, alikuwa na imani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kikatoliki, na hiyo aliiachia Padri aishughulikie. Ya pili ilikuwa pimamaji, na hiyo alitembea nayo kwapani.

Siku ya kipaimara aliwahi kuiweka juu ya altare, akakiangalia kile kiputo cha hewa kikielea kwenye kichupa chake, kisha akawatangazia waumini kwamba meza ya Bwana inainamia upande wa wanaume. Kwenye mazishi ya baba mkwe wake aliiweka juu ya jeneza. "Mzee analala mteremko," alisema, na waliokuwa wakilia wakanyamaza, wakaanza kutafuta kijiwe cha kuchomeka chini. Watu walimcheka, lakini walipotaka nyumba ya kudumu walimwita yeye. Binadamu atakwambia ukuta wako umesimama wima kwa sababu anataka kwenda kula. Kiputo hakina njaa.

Na alikuwa na sababu ya kutoamini watu. Jicho lake la kushoto lilikwenda mwaka wa 1983. Kipande cha jiwe kiliruka kutoka kwenye tindo kikamwingia, akapelekwa Busia kwa bwana mmoja mwenye koti jeupe na mkoba. Yule bwana alimtia matone siku tatu, akimpigapiga begani na kumwambia jicho linaendelea vizuri sana. Siku ya nne bwana hakuonekana, koti halikuonekana, na jicho halikuona. Baadaye Echodu alikumbuka kwamba yule mtu alikuwa amevaa sapatu za bafuni. Tangu hapo, mtu yeyote wa koti jeupe alimwangalia miguuni kwanza, usoni baadaye.

Basi mwaka ule wa El Nino, mvua ilipokataa kwenda kwao na malori yalipozama Malaba mpaka madereva wakaota ndevu, Echodu alikuwa akijenga stoo ya mahindi karibu na stesheni. Alikuwa na saidia wake, Chrispine, mtu mzima mwenye watoto watano, ambaye alikuwa amemchanganyia mota kwa miaka kumi na moja.

Kwanza wakaja mbu. Mbu weusi, wengi, wakielea mbele ya jicho lake la kulia. Echodu aliwapunga kwa mwiko, nao wakaenda kule mwiko ulikoenda. Kisha ukaja umeme pembeni mwa jicho, umeme usio na ngurumo. Alitazama mbingu, akaona jua. Siku iliyofuata kamba ya kujengea ikapinda.

"Chrispine, nani amegusa kamba?"

"Hakuna mtu amegusa, fundi."

"Imelala tumbo kama ng'ombe mwenye mimba."

"Kamba imenyooka, fundi. Leta pimamaji uone."

Echodu aliiweka pimamaji juu ya mawe. Pimamaji yenyewe ilikuwa imepinda. Chuma kile alichokinunua Tororo akiwa kijana kilikuwa kimejikunja katikati kama muwa uliokanyagwa. Aliigeuza huku na huku.

"Hii si yangu," alisema polepole. "Umeibadilisha. Nani amekutuma? Ni yule fundi wa Amukura anayeionea wivu kazi yangu?"

Chrispine aliweka karai chini. Alinawa mikono bila haraka, kidole kimoja kimoja. "Miaka kumi na moja, fundi," alisema. "Ningetaka kukuibia, ningeanza na kitu cha maana." Akachukua baiskeli yake akaenda zake, na Echodu akamsindikiza kwa macho, yaani kwa jicho, akijiambia mwizi ndiye huondoka haraka. Ingawa Chrispine, tukisema ukweli, alikuwa ameondoka taratibu sana.

Siku mbili baadaye ukaja unyevu. Fundi wa mawe anaujua unyevu: maji yanapanda ukutani kutoka chini, ukuta unakuwa mweusi, plasta inafura, inaanguka. Echodu aliuona ukipanda kutoka upande wa pua yake, mchana kweupe, wakati Amoit mke wake akimwekea chakula.

"Mama Ajiko, ukuta huu umeanza kunywa maji. Niliwaambia mwaka ule msingi uongezwe."

"Ukuta gani?"

"Si huu hapa mbele yangu."

Amoit alitazama, akaweka sahani chini. "Huo ni mlango, baba Ajiko," alisema. "Na uko wazi."

Kesho yake asubuhi walivuka daraja la mpakani. Hawakuulizwa kitu, Wateso wana shangazi pande zote mbili, na mtu haonyeshi karatasi kwenda kwa shangazi. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa moja ndani ya Uganda, na wiki hiyo alikuwapo daktari wa macho. Echodu alisukuma pazia, akatazama miguu ya daktari. Gambuti. Gambuti nyeusi zenye matope, chini ya koti jeupe.

"Twende nyumbani," alimwambia Amoit.

"Mvua imenyesha wiki tano," alisema Amoit. "Ulitaka avae nini, viatu vya harusi? Keti."

Daktari Aluka alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, mtu wa upande wa Soroti. Kwa heshima ya Kiateso alimwita Echodu papa, yaani baba, na Amoit akamwita toto, yaani mama. Alimmulika jicho muda mrefu, akimwambia tazama juu, tazama sikio, tazama pua, hata Echodu akashuku ameibiwa kitu humo ndani.

"Papa, nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba. Huo ndio unaoona. Wa kwako umepasuka, hapa juu, upande wa sikio. Maji ya jicho yanapita kwenye mpasuko, yanaingia nyuma ya utando, yanaubandua."

"Kama plasta," alisema Echodu.

"Kama plasta."

"Inayobanduliwa na maji ukutani."

"Hapo hapo, papa."

Echodu akampenda kwa mara ya kwanza, na papo hapo akamshuku kwa sababu hiyo. Mtu anayekuelewa haraka hivyo, nani alimwambia kazi yako?

"Na dawa yake?"

"Nitagandisha ule mpasuko kwa baridi, ili upate kushika. Kisha nitadunga hewa ndani ya jicho. Ni hewa maalum, si ile ya kujaza baiskeli. Itafanya kiputo, kiputo kitapanda juu kiukandamize utando ukutani mpaka ushike."

"Utadunga kupitia wapi?"

"Hapa, kwenye weupe wa jicho."

Echodu alisimama, akaanza kutafuta mlango. Akakamata pazia la dirisha. Amoit alimshika shati kwa nyuma, kama mtu anayeshika mbuzi asiingie shambani mwa jirani.

"Sikiliza, papa," alisema daktari, bila kunyanyua sauti. "Katikati ya utando bado hapajabanduka. Pale katikati ndipo unaposomea, ndipo unapoonea kamba yako. Maji yakifika pale, hata tukiurudisha, huenda usijenge tena. Yanaweza kufika kesho. Na ng'ambo ya pua huna jicho la akiba."

"Umewahi kudunga wangapi?"

"Kwa hewa, tisa."

"Wanaona wote?"

"Saba."

"Na wawili?"

"Mmoja mpasuko wake ulifunguka tena. Wa pili hakuweka kichwa nilivyomwambia."

Angesema wote tisa, Echodu angepita dirishani. Yule wa sapatu naye alisema kila kitu ni vizuri sana. Alirudi akaketi, akatoa kofia, akasema, "Dunga. Lakini najua kuhesabu vidole, ukimaliza nitakuuliza umeinua vingapi."

Walimtia ganzi. Baada ya hapo hakusikia uchungu, alisikia tu kama mtu anamkandamiza jicho kwa dole gumba. Alikuwa ameshikilia kiti kwa nguvu hata msumari mmoja ukatoka, na akiwa fundi akaanza kuurudisha kwa kidole. Kisha, mbele yake, kitu cha mviringo, chenye ukingo mweusi, kikaanza kutikisika kama kiini cha yai. Alipotulia nacho kikatulia. Kiputo! Kiputo kama cha pimamaji yake, ndani ya kichwa chake mwenyewe. Nusura acheke.

"Sasa hii ndiyo kazi yako," alisema daktari. "Siku tano, mchana na usiku, kichwa kiegemee bega la kushoto, hivi, ili ule mpasuko uwe juu kabisa na kiputo kiende pale pale. Na kiputo chenyewe, papa, wewe utakiona kama kiko—"

"Binti yangu," Echodu alimkatiza, "kiputo nakijua. Nimekula kwa kiputo miaka ishirini na sita. Unakwenda kumfundisha nani?"

Daktari alimtazama Amoit. Amoit akasema neno la Kiateso upesi upesi, daktari akajibu, wakacheka. Kisha daktari akaandika karatasi, Amoit akaikunja akaitia kifuani. Echodu aliona yote hayo kwa kile kilichobaki cha jicho lake, akayatia akibani.

"Usomewe?" aliuliza Amoit.

"Karatasi huandika mtu mwenye kitu cha kuficha."

"Jambo la mwisho," alisema daktari. "Usipande ndege mpaka hewa iishe. Na usipande milimani. Eldoret, Kapchorwa, huko usiende. Ukipanda juu, hewa inavimba ndani ya jicho."

Njiani kurudi Echodu alisimama darajani. "Ndege," alisema. "Kwa nini ametaja habari ya ndege? Mimi na ndege wapi na wapi? Hawa wanataka kunipeleka mahali."

"Wakikupeleka watakurudisha," alisema Amoit. "Hakuna atakayekuvumilia mpaka Jumapili."

Siku ya kwanza alikaa kitini, sikio begani, akifungwa leso na Amoit ili asisahau. Majirani walikuja kumwangalia. Mmoja aliuliza kama anasikiliza redio ambayo wengine hawaisikii. Mwingine alisimama mbele yake akainamisha kichwa naye, wakazungumza hivyo nusu saa habari ya bei ya mtama. Jioni jua likielekea kuzama, Echodu aliona unyevu umeshuka. Mlango ulikuwa umerudi kuwa mlango mpaka usawa wa kitasa.

Angetosheka hapo, ningekuwa nimemaliza. Lakini alianza kukiangalia kiputo.

Kilikuwa chini.

Alikiangalia tena. Kilikuwa chini kabisa ya mambo yote anayoyaona, kimekaa pale kama yai ndani ya kiota. Daktari alisema kitapanda juu. Kila kiputo alichokiona maishani mwake kilipanda juu, hata cha soda, hata cha chura mtoni. Hiki kimelala chini kama jiwe. Kwa hiyo mambo mawili: ama si hewa aliyodungwa, ni kitu kingine kizito, au amedungwa kichwa-chini-miguu-juu, na yule msichana wa gambuti, pamoja na Amoit, wanajua, na ndicho walichokicheka.

Hakumuuliza mkewe. Mtu hamuulizi mshukiwa.

Siku ya pili Amoit alikwenda Malaba na ndizi zake za kuuza, na Echodu akafunga mlango. Alijaribu kuinama, akajaribu kulala kifudifudi, akilitazama lile yai linavyozunguka. Mwisho alilala chali kitandani, akateremsha mabega mpaka kichwa kikaning'inia ukingoni, utosi ukielekea sakafuni. Taratibu kiputo kikatambaa, kikapita, kikaenda kukaa upande wa nyusi zake. Juu! Kule kule pimamaji ingetaka kiende. Alibaki hivyo, damu ikijaa masikioni, akitabasamu kwa kichwa cha popo. Alishinda hivyo mchana kutwa, akipumzika tu shingo ilipokufa ganzi, na aliposikia baiskeli ya Amoit akarudi kitini na sikio lake begani, mtu mtiifu kabisa.

Siku ya tatu alipoamka, mlango ulikuwa umeliwa tena. Unyevu ulikuwa umepita kitasa, unakaribia bawaba ya juu. Kamba ya nguo uani ilikuwa imeanza kupinda.

 Alikuwa peke yake, Amoit alishatoka. Alikaa akitazama giza lile likipumua kwenye ukingo wa pua yake na akaona yote kwa mpigo: mtoto wake Ajiko akimwongoza kwa fimbo kwenda kanisani, yule fundi wa Amukura akimalizia stoo yake, watu wakimweleza kuta zilivyo na yeye akiwaamini, maana atafanya nini.

Mtu akabisha hodi. Alikuwa Chrispine.

"Nimesikia unaumwa, fundi."

"Nani amekutuma?"

"Miguu," alisema Chrispine. Alisimama pale mlangoni, au pale palipokuwa mlango. "Nimeleta na mwiko wako. Uliuacha stoo."

Echodu aliupokea mwiko. "Una baiskeli?"

"Ninayo."

"Nipeleke kwa yule daktari aniondolee hiki kitu chake. Lakini safari hii nakwenda na permiti yenye muhuri na picha. Wakinificha huko, iandikwe mahali kwamba Echodu wa Moding aliingia."

Chrispine hakucheka, ingawa alikuwa na haki. Alimpandisha kwenye kiti cha nyuma, akamkanyagia mpaka Malaba, akizunguka madimbwi na kuzunguka malori, Echodu akishikilia kiuno cha mtu aliyemwita mwizi.

Picha za permiti zilipigwa na mzee mmoja tu karibu na geti, Methuselah, aliyekuwa na kamera ya sanduku la mbao yenye miguu mitatu na shuka jeusi kwa nyuma. Watoto walidhani ndani ya sanduku kuna mtu mdogo anayechora. Vijana wenye kamera za kisasa walimcheka, lakini picha yake ilitoka papo hapo, na mpakani papo hapo ndiyo biashara.

"Keti kwenye stuli, ssebo, bwana wangu. Kichwa sawa."

Echodu aliketi. Kichwa kilikuwa kimelalia bega la kushoto. Shingo ilishazoea, haikuomba ruhusa.

"Kichwa sawa, mzee. Imigresheni watasema nimempiga picha mtu aliyenyongwa."

"Kichwa changu kiko sawa. Sanduku lako ndilo limeinama. Umelipima?"

"Limepimwa kabla hujazaliwa."

"Na huko ndani unafanya nini na uso wa mtu? Kwa nini unajifunika? Mtu mwenye kazi safi hajifuniki."

Methuselah alitoka kwenye shuka, mvi zake zimesimama. Alikuwa ameulizwa swali hilo na wanyang'anyi, na mapadri, na wanajeshi wa pande mbili. "Njoo uingie wewe mwenyewe," alisema. "Na huyu boss akae kwenye stuli."

Chrispine aliketi, ameshikilia usukani wa baiskeli. Echodu akaingiza kichwa ndani ya shuka. Kulikuwa na giza, na katikati ya giza kioo cha ukungu, na juu ya kioo, akitazama kwa jicho lake bovu, alimwona Chrispine akining'inia kichwa chini, stuli ikiwa hewani, baiskeli imeshika mbingu kwa magurudumu.

Alichomoka kama aliyeumwa na siafu. Chrispine alikuwa ameketi vizuri kabisa.

"Umemfanya nini mtu wangu?"

"Sijamfanya kitu. Lenzi inapindua. Cha juu kinaangukia chini ya kioo, cha chini kinaangukia juu. Hata hilo jicho lako hufanya hivyo hivyo, ni vile kichwa chako kinakugeuzia bila kukuambia. Mimi nageuza karatasi kwa mkono."

Echodu alimtazama Chrispine, akalitazama sanduku. Akarudi ndani ya shuka.

"Chrispine! Vua kofia uiinue juu."

Kofia ikashuka chini ya kioo.

"Sasa weka kidole chako hapo kwenye kioo," sauti ya Methuselah ilisema kutoka nje, sauti ya mtu aliyeshazoea. "Upande wa juu wa kioo. Umeweka?"

"Nimeweka."

"Kiko kwenye miguu ya huyu bwana, sivyo? Sasa nikiigeuza picha ili bwana asimame kama binadamu, kidole chako kitakuwa wapi?"

Echodu alifikiri. Aligeuza picha kichwani, pole pole, kama mtu anayegeuza lenta nzito ya juu ya mlango.

"Chini," alisema.

"Chini."

"Kidole kiko juu ya kioo, lakini mwenye kuangalia picha atasema kiko chini."

"Hata akiapa, mzee."

 Walioko nje waliona shuka likitikisika kidogo. Kisha likaanza kuinama, taratibu sana, kuelekea upande wa kushoto, mpaka sikio la Echodu likalala begani na kukaa pale kama limepigwa msumari.

"Chrispine," sauti ilisema, "kanyaga baiskeli. Kanyaga kama unafukuzwa."

"Na picha?" aliuliza Methuselah.

"Piga hivi hivi! Piga nilivyo!"

Karani wa permiti aliitazama picha, akamtazama mwenye picha, akaigeuza permiti ili vyote viwili viwe sawa, akagonga muhuri.

Daktari Aluka alikuwa bado ana gambuti. Alimmulika, akamulika tena.

"Papa. Kichwa ulikuwa umekiweka wapi?"

Echodu alikuwa amewahi kudanganya makontrakta na askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, lakini mbele ya ile taa alijiona hana pa kujificha. "Kilikuwa kinaning'inia kitandani," alisema. "Nilitaka kiputo kiende juu."

"Kiputo kilikuwa juu."

"Sasa najua. Nimekwisha kuelezwa na sanduku." Alivua kofia. "Maji yamefika katikati?"

Daktari alichukua muda wake, na ule muda ndio ulikuwa mrefu kuliko wote aliowahi kukaa Echodu bila kazi mkononi.

"Maji yamefika ukingoni," alisema mwishowe. "Hayajavuka. Kiputo bado ni kikubwa. Tunaanza kuhesabu upya: siku tano kuanzia leo. Ukikining'iniza tena, sina hewa nyingine."

Siku zile tano Echodu hakufungwa leso. Alijifunga timazi, ile ya kupimia ukuta kama umesimama wima. Uzi ulitoka kwenye kofia, risasi yake ikaning'inia mbele ya kifua, na Amoit alichora mstari wa chaki kwenye shati pale inapotakiwa kugusa. Ikitoka kwenye chaki, hata nukta, mtu yeyote aliyekuwa uani alikuwa na ruhusa ya kumpigia kelele, na jirani wa mtama aliitumia ruhusa hiyo vizuri kupita kiasi. Chrispine alikuja kila alasiri, akaketi upande wa kulia, akimsomea timazi. "Sawa. Sawa. Umesinzia, fundi. Sawa." Echodu alisikiliza kila "sawa" akitafuta uongo ndani yake, na mpaka siku ya nne alikuwa hajaupata.

Unyevu ulishuka. Kitasa kikarudi, kisha kizingiti, kisha miguu ya kuku waliokuwa wakipita. Kiputo kikapungua kikawa kama kokwa la zambarau, kama punje ya choroko, na asubuhi moja Echodu alikitafuta chini, alikokwisha kujua ni juu, asikione.

Siku hiyo ndiyo aliyomwomba Amoit ile karatasi. Amoit aliichomoa nyuma ya picha ya Mama Maria, akaisoma kwa sauti, na mstari wa tatu, kwa herufi kubwa, ulisema: KIPUTO ATAKIONA CHINI. KIKO JUU. ASIKIFUATE.

"Na mlicheka nini?" aliuliza Echodu.

"Nilimwambia hutasikia ukiambiwa, aandike. Akasema hutakubali kusomewa pia. Ndipo tukacheka."

Mwezi mmoja baadaye mvua ilikatika na Echodu akarudi stoo. Karibu na pua yake kulibaki ukanda mwembamba wa kivuli, upana wa kidole, ambao daktari alisema huenda usiondoke kamwe. Kamba ilikuwa imenyooka, ila mahali pamoja, kama hatua mbili kutoka kwenye kona, ilionekana ikishtuka kidogo. Alisimama akiitazama pale inaposhtuka. Zamani angeuliza nani ameigusa.

Alimpa Chrispine pimamaji.

Chrispine aliipokea kwa mikono miwili. Katika miaka kumi na moja hakuwa amewahi kupewa. Aliiweka juu ya mawe, akapiga magoti, akasubiri kiputo kitulie.

"Iko sawa, fundi."

Echodu alinyoosha mkono apewe aangalie mwenyewe. Mkono ukafika nusu ya njia. Akaurudisha, akaufuta kwenye suruali kama uliokuwa na mota.

"Weka jiwe," alisema.

Chrispine aligeuka kuchukua jiwe, na lilikuwa jiwe zito, akachelewa kidogo kulinyanyua. Alipotazama chini ya kwapa lake alimwona fundi amechuchumaa, kichwa kimeinama bega la kushoto kwa mazoea, jicho moja liko karibu kugusa kichupa. Akamwachia. Aliinama tena akajifanya anatafuta jiwe lingine zuri zaidi.

"Iko sawa," alisema Echodu nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeleta habari mpya.